Sura ya Sita: Masikio ya Kununua

Mtu ambaye usikivu wake umeshuka sana haanzi kwa kusema hasikii. Huanza kwa kulaumu. Vijana wa siku hizi wanamumunya maneno, redio imechoka, imamu mpya hana sauti, mtandao wa simu umekuwa wa ovyo. Akitumwa nazi anauliza pasi ipi. Nyumbani wanacheka, kisha wanakereka, kisha wanaacha kumwambia mambo madogo madogo, na hapo ndipo upweke unapoingia bila hodi.

Lawama hizo zina ukweli wake. Sauti za watu anazisikia. Kinachomponyoka ni maneno. Irabu hutamkwa kwa nguvu na sehemu kubwa ya sauti yake ni nene, ilhali s, f, t, k na sh ni pumzi fupi, nyembamba na dhaifu. Katika koklea, ule mrija uliojikunja ndani kabisa ya sikio, seli zinazopokea sauti nyembamba zimekaa karibu na mlango, na mara nyingi ndizo zinazotangulia kufa, iwe kwa uzee, kwa kelele za kiwandani au kwa dawa kama streptomaisini na gentamaisini. Kwa msemaji wa Kiswahili hasara hii ina sura yake. Karibu kila silabi ya lugha hii huishia na irabu, kwa hiyo paka, kaka, taka, saka na shaka yote yanaweza kumfikia kama a-a ile ile. Akili hujaza pengo kwa kukisia. Mchana, uso kwa uso, na mtu mmoja anayemfahamu, kisio hufaulu mara nyingi kiasi cha kumfanya aamini kwamba hana tatizo. Harusini, ngoma ikilia na watu sita wakiongea kwa mpigo, hakifaulu.

Karatasi inayoonyesha hali hii waziwazi ni audiogramu. Kwenye mstari wa mlalo kuna sauti kuanzia nene kushoto, hezi 250, hadi nyembamba kulia, hezi 8,000. Kwenda chini ni desibeli: kadiri alama inavyoshuka ndivyo sauti inavyohitaji kuongezwa nguvu ndipo isikike. Duara jekundu ni sikio la kulia, X ya bluu la kushoto. Kwa madaraja ambayo Shirika la Afya Duniani lilitumia katika ripoti yake ya mwaka 2021, aliye chini ya desibeli 20 hana tatizo, kuanzia 35 ni upotevu wa wastani, kuanzia 65 ni mkali, na kuanzia 80 ni mzito. Mazungumzo ya kawaida kwa umbali wa mita moja yana desibeli kama 60. Maana yake ni kwamba mwenye alama zilizolala kwenye 70 hasikii maongezi ya mezani kabisa, labda aliyekaa kando yake apaze sauti. Sura hii inamhusu mtu huyo. Mwenye upotevu mdogo anaweza kukosea kununua akapoteza hela tu; huyu akikosea, hukosa lugha.

Ripoti hiyo hiyo ilikadiria kwamba watu bilioni 1.5 duniani wana kiwango fulani cha upungufu wa usikivu, na milioni 430 kati yao wanahitaji huduma. Kati ya wale ambao kifaa kingewasaidia, wanaokitumia ni asilimia 17 pekee. Umaskini unaeleza sehemu kubwa ya pengo hilo, lakini hauelezi lote, kwani hata katika nchi tajiri vifaa vingi vya bei kubwa vimelala kwenye droo za kabati. Vinalala huko kwa sababu zinazojulikana, na karibu zote huanzia siku ya kuchagua.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kinachotakiwa ni kelele zaidi. "Sema kwa nguvu, mjukuu wangu, sikusikii." Mjukuu anapaza sauti. "Ala! Mbona unanifokea?" Bibi hana kisirani, sikio lake ndivyo lilivyo. Katika koklea nzima kuna seli za nje ambazo kazi yake ni kuzipa nguvu sauti ndogo. Zikifa, sauti ndogo hutoweka, lakini sauti kubwa huendelea kuingia na kuumiza kama zamani. Ni chumba ambacho sakafu imepanda huku dari likibaki palepale. Mwenye upotevu wa desibeli 75 huanza kusikia kwenye 75 na pengine kuanza kukereka kwenye 105, hivyo ana desibeli 30 tu za kuishi ndani yake, ambapo mtu mwenye masikio mazima ana kama 100.

Vile vikuza sauti vya bei poa vinavyouzwa mtandaoni na kwenye maduka ya simu, vyenye picha ya mzee anayetabasamu, hupandisha kila kitu kwa pamoja: sauti ya binti yake, kijiko kinachogonga sufuria, honi ya daladala. Kwa mtu huyu ni mateso, na kwa usikivu mdogo uliobaki ni hatari. Kifaa cha kweli cha usikivu, kile ambacho mashuleni Tanzania huitwa shimesikio, hufanya kazi ya kubana: kinaziinua sana sauti ndogo, za kawaida kinaziinua kiasi, na kubwa kinaziacha au hata kuzizuia. Kubana kwa namna hii kulipata uwezo mpya mwaka 1996, wakati kampuni mbili za Denmark, Widex na Oticon, zilipoingiza sokoni vifaa vya kidijitali kamili vya kuvaa sikioni.

Kabla ya kununua chochote kuna daktari. Usaha unaotoka mara kwa mara, maumivu, kizunguzungu, sikio moja kuwa baya kuliko jingine bila sababu: haya ni mambo ya daktari wa masikio, pua na koo, na muuzaji anayeyapita bila kuuliza si wa kumwachia pesa. Nta iliyoziba inaweza kuondolewa siku hiyo hiyo. Na usikivu ukidondoka ghafla, ndani ya siku tatu au chini ya hapo, hiyo ni dharura. Dawa zinazoweza kuokoa hali hiyo hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, na mgonjwa anayesubiri mwezi upite kwanza mara nyingi anakuta mlango umeshafungwa.

Sasa umbo. Kila mtu anataka kile kisichoonekana, kidude cha ukubwa wa punje ya haragwe kinachozama ndani ya tundu la sikio. Matangazo yanakipenda, na aibu ya mnunuzi inakipenda zaidi. Kwa upotevu mkali jibu karibu siku zote ni hapana. Katika kidude hicho maikrofoni na spika vimeachana kwa milimita chache tu, betri ni ndogo, na sauti yenye nguvu ikitoka hurudi kwenye maikrofoni na kuanza kuzunguka. Matokeo yake ni mluzi ule unaosikika mtu akikumbatiwa au akilaza kichwa juu ya mto. Fundi wa vifaa hivi anaunyamazisha kwa kupunguza nguvu, na nguvu ndiyo iliyonunuliwa.

Kinachomfaa mtu huyu ni kifaa cha nyuma ya sikio, cha daraja la nguvu kubwa. Soko la dunia linashikwa na makundi matano: Sonova la Uswisi lenye chapa ya Phonak, Demant la Denmark lenye Oticon, WS Audiology lenye Signia na Widex, GN la Denmark lenye ReSound, na Starkey la Marekani. Yote hutengeneza vifaa vya upotevu mkali. Naída ya Phonak, Xceed ya Oticon na Enzo ya ReSound ni majina ya familia zilizobuniwa kwa ajili hiyo. Oticon ilipotoa Xceed mwaka 2019 ilitangaza kilele cha desibeli 146 na ongezeko la hadi desibeli 87. Takwimu kama hizo zinapaswa kumtisha kidogo mnunuzi, kwani kifaa chenye uwezo huo kikirekebishwa kwa kubahatisha kinaweza kumaliza usikivu uliobaki.

Kuhusu nguvu kuna ushauri mmoja ambao mafundi wazuri huutoa bila kuombwa. Kila kifaa huja na mchoro unaoonyesha eneo la audiogramu kinaloweza kulihudumia. Alama za mteja zikigusa ukingo wa chini wa eneo hilo, kifaa kitatumika kwa pumzi ya mwisho tangu siku ya kwanza, na usikivu ukishuka desibeli kumi baada ya miaka miwili kitakuwa hakina pa kwenda. Ibaki nafasi.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho hakuna tangazo linalokionyesha, nacho ndicho kinachoamua mengi: kizibo cha sikio, kile cha plastiki ngumu au silikoni kinachofinyangwa kwa kipimo cha sikio la mtu mwenyewe. Upimaji wake unastahili kuangaliwa kwa karibu. Fundi anamulika tundu kwa tochi kuhakikisha hakuna nta wala tundu kwenye ngoma ya sikio. Anasukuma ndani kipande kidogo cha sponji chenye uzi, kikae kabla ya ngoma, ili rojo la kufinyangia lisifike huko. Kisha anakoroga rojo la rangi mbili, analijaza kwenye sirinji nene, analimimina taratibu mpaka lifurike kwenye kikombe cha sikio. Dakika chache linaganda. Fundi mwangalifu humwambia mteja afungue na kufunga mdomo wakati huo, maana tundu la sikio hubadilika umbo taya linapotembea, na kizibo kilichopimwa mdomo ukiwa umefumba kinaweza kupiga mluzi kila mtu akitafuna. Linapotolewa ni mfano kamili wa sikio, mikunjo yote, na hilo ndilo linalokwenda maabara.

Kizibo kikipwaya, kifaa cha mamilioni huwa filimbi. Kikibana mno, kidonda hutokea na kifaa huenda kwenye droo. Vile vikofia laini vya silikoni vinavyokuja tayari kwenye pakiti, vyenye matundu, ni vizuri kwa upotevu mdogo. Kwa upotevu mkali vinavujisha ile sauti nene yenye nguvu ambayo mtu huyu anaitegemea. Bado kuna wauzaji wanaovitumia kwa kila mteja kwa sababu havingoji maabara. Kile kimrija cha plastiki kinachounganisha kizibo na kifaa nacho hukakamaa na kuwa cha njano baada ya miezi kadhaa, hasa kwenye joto, na hubadilishwa kwa gharama ndogo sana. Watu wengi hawajaambiwa kwamba kinabadilishwa.

Tukifika kwenye marekebisho, tumefika kwenye kiini. Katika miaka ya 1940 Mmarekani Sam Lybarger aligundua kwamba watu wakiachiwa wajiongezee sauti wenyewe, huchagua ongezeko linalokaribia nusu ya upotevu wao: aliyepoteza 60 hutaka kama 30. Kanuni za leo ni ndefu zaidi lakini ni wajukuu wa wazo hilo. Mbili zinatawala: ile ya Maabara ya Taifa ya Akustika ya Australia, na ile iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Western Ontario, Kanada, ambayo hupendwa sana kwa watoto. Kompyuta ya fundi inasoma audiogramu, inakokotoa, inakituma kifaa kazini. Fundi mvivu anaishia hapo.

Shida ni kwamba kompyuta imedhani sikio la wastani. Tundu la sikio la mtu mmoja ni refu, la mwingine fupi. Sauti ile ile ndani ya tundu dogo huwa kubwa zaidi. Isitoshe, programu za watengenezaji mara nyingi huanza na nguvu pungufu, hasa kwenye sauti nyembamba, ili mteja asishtuke siku ya kwanza. Mteja hashtuki. Anafurahi, analipa, na s na sh bado hazijarudi.

Namna ya kujua ni kupima ndani ya sikio lenyewe. Mrija mwembamba sana wa silikoni, wenye maikrofoni upande wa pili, huingizwa mpaka karibu na ngoma, kifaa kinavaliwa juu yake, spika iliyo mbele ya mteja inacheza sauti ya mtu anayezungumza, na kwenye skrini unaonekana mstari wa kilichofika kweli ukilinganishwa na mstari wa kinachotakiwa. Kazi hii ni ya dakika chache kwa kila sikio. Inafanywa kwa sauti ndogo, ya kawaida na kubwa, na mwishoni hupimwa kilele ili kuhakikisha hakuna sauti itakayovuka dari. Mnunuzi asiyejua chochote kingine kuhusu fani hii anaweza kuuliza swali moja kwenye kila duka: mnapima kifaa kikiwa ndani ya sikio langu? Jibu la "programu yetu ni ya kisasa, haihitaji" limeshajieleza.

Vipi kuhusu bei? Kila mtengenezaji huuza kifaa kile kile kwa madaraja, na tofauti kati ya la chini na la juu inaweza kuwa maradufu au zaidi. Robyn Cox na wenzake wa Chuo Kikuu cha Memphis, Marekani, waliliweka jambo hili kwenye mizani. Waliwapa wazee vifaa vya madaraja ya chini na ya juu kutoka kwa watengenezaji wawili wakubwa, kila jozi ikavaliwa kwa mwezi mmoja katika maisha ya kawaida, wavaaji wakiwa hawajui kipi ni kipi. Matokeo waliyochapisha mwaka 2014 na 2016 yaliwakera wauzaji: vifaa vyote vilisaidia, na daraja la juu halikuonyesha faida ya maana juu ya lile la chini, vyote vikiwa vimerekebishwa kwa uangalifu ule ule. Wazee hao walikuwa na upotevu mdogo na wa wastani, kwa hiyo haifai kumbebesha matokeo hayo mwenye upotevu mzito bila kufikiri. Lakini mwelekeo uko wazi. Fedha iende kwanza kwenye nguvu ya kutosha, kizibo kizuri na saa za fundi. Ikibaki, ndipo inunue mengineyo.

Moja ya hayo mengineyo linastahili kutangulizwa, nalo ni maikrofoni ya mbali. Sauti hupungua desibeli sita kila umbali unapoongezeka maradufu katika eneo wazi. Mwalimu aliye mita moja akisikika kwa 60, kwenye mita nne amebaki na 48, na dawati la nyuma hupokea zaidi kelele za darasa kuliko somo. Hakuna kifaa cha sikioni, hata kiwe cha bei gani, kinachoweza kuifuta hesabu hiyo. Maikrofoni ndogo inayoning'inizwa kifuani mwa mwalimu na kutuma sauti moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoto inaifuta. Kwa mwanafunzi mwenye upotevu mkali, kifaa cha daraja la chini pamoja na maikrofoni hiyo mara nyingi kitampa masomo mengi kuliko kifaa cha kifahari peke yake. Kabla ya kununua, basi, iulizwe kama kifaa kinapokea maikrofoni ya aina hiyo, na kama kina koili ya kupokea sauti ya kumbi zilizotandazwa waya maalumu.

Kuaminika, katika maana ya kutoharibika, kuna sura tofauti Tanga au Mombasa na Copenhagen. Unyevu wa pwani huingia kila penye upenyo. Jasho hushuka nyuma ya sikio. Alama ya IP68 kwenye boksi ina maana kwamba vumbi halipiti na kifaa kilistahimili kuzamishwa majini kwenye majaribio. Inasaidia, lakini haimaanishi kwamba mtu aoge nacho. Anayetawadha mara tano kwa siku anakivua mara nyingi, hivyo mlango wa betri na viungio vinachoka mapema, na inafaa mazoea ya kukiweka mahali pamoja yaanze siku ya kwanza. Mtandio uliokazwa au kofia iliyoshuka hufunika maikrofoni na kuamsha mluzi. Fundi akimrekebisha mama aliyevua mtandio wake, atakuwa amemrekebisha mtu ambaye hatatoka hivyo. Usiku, kikebe chenye vidonge vya kukausha unyevu, kilichofungwa vizuri, huongeza miaka. Matone yakionekana ndani ya kimrija, kizibo huchomolewa na kupulizwa kwa kipira, kifaa kikiwa kando.

Betri nazo zina siasa yake. Vifaa vya nguvu kubwa hutumia hasa namba 675, yenye kibandiko cha bluu, au 13, ya chungwa. Ni betri za zinki zinazovuta hewa: kibandiko kikibanduliwa zinaanza kazi, na zikiachwa dakika chache kabla ya kufungiwa ndani hushika nguvu vizuri. Kukirudisha kibandiko hakuzirudishi usingizini. Betri ikidumu wiki mbili, masikio mawili yanakula 52 kwa mwaka, na tarehe ya mwisho kwenye pakiti za duka la pembeni inabidi isomwe. Vile vya kuchaji vya lithiamu vimeondoa usumbufu huo kwa mwenye umeme wa uhakika. Kwa mwenye umeme wa mgawo, asubuhi moja bila chaji ni siku nzima ya kimya, na betri hiyo ikichoka baada ya miaka kadhaa mara nyingi hubadilishwa na kampuni, si na mwenyewe.

Afrika imewahi kulijibu swali hili la chaji kwa njia yake. Katika kijiji cha Otse, kusini mwa Gaborone, Botswana, mradi wa Godisa ulianza kutengeneza vifaa vya usikivu vya bei nafuu pamoja na chaja za jua za betri namba 13 na 675, na waliokuwa wakiunganisha vipande vyake vidogo mezani walikuwa wafanyakazi viziwi. Howard Weinstein, Mkanada aliyefika huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliupeleka mfumo huo Brazili baadaye kwa jina la Solar Ear. Waliobuni mfumo huo walianza na swali la nani atachaji na kwa umeme gani. Misaada mingi ya vifaa vilivyotumika, inayoletwa na wasamaria wema kwa masanduku, huliruka swali hilo na mengine: hakuna betri, hakuna kebo ya kurekebishia, hakuna atakayefinyanga kizibo wageni wakishaondoka.

Hapo ndipo jina la chapa linapopungua uzito. Swali kubwa ni nani atakifungua kifaa hiki mwezi wa tatu kikinyamaza, na yuko umbali gani. Katika nchi za kipato cha chini, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, asilimia 93 zina wataalamu wa audiolojia chini ya mmoja kwa kila watu milioni. Kifaa cha kawaida chenye fundi Moshi kinamfaa mkazi wa Moshi kuliko kizuri zaidi ambacho programu yake iko Dubai. Tena ziko chapa zinazouzwa na maduka ya mnyororo ughaibuni ambazo programu yake imefungwa, kiasi kwamba kliniki nyingine haiwezi kuzigusa. Shangazi anayemletea kaka yake zawadi kutoka Ulaya aulize hilo kabla ya kulipa, pamoja na siku za majaribio, muda wa dhamana, na kama dhamana inafanya kazi nje ya nchi aliyonunulia.

Marekani ilifungua mlango mpya Oktoba 2022, iliporuhusu vifaa vya usikivu kuuzwa dukani bila cheti wala kipimo. Mwaka 2024 mamlaka zake zikaidhinisha hata programu inayozigeuza AirPods Pro 2 kuwa kifaa cha aina hiyo. Ni hatua nzuri, na bei zitaendelea kushuka. Lakini ruhusa hiyo ni ya watu wazima wenye upotevu mdogo hadi wa wastani, na nguvu ya vifaa hivyo imewekewa kikomo cha kisheria. Mwenye alama kwenye 75 hakuandikiwa.

Baada ya kununua kuna kipimo cha nyumbani kisichohitaji mashine. Daniel Ling, mwalimu wa watoto viziwi aliyefanya kazi Kanada, alichagua sauti sita zinazogusa pande zote za usemi: a, u, i, m, s na sh. Mama anasimama nyuma ya mtoto, anafunika mdomo kwa kiganja au karatasi, anazitamka moja moja bila mpangilio, na mtoto anarudia au anaangusha kijiti kwenye kopo kila anaposikia. Jana alizipata zote, leo s na sh zimekwenda: betri, kimrija au nta kwenye kizibo. Zimekwenda na u na m pia: aende kliniki. Kwa mtoto mchanga kizibo chenyewe hupitwa na sikio kila baada ya miezi michache, na mluzi ulioanza ghafla mara nyingi ni ishara kwamba amekua.

Na kuna wakati kifaa bora, kizibo bora na fundi bora havitoshi. Kliniki nyingi siku hizi hutumia kanuni ya 60 kwa 60: sikio lililo afadhali likiwa na wastani wa desibeli 60 au zaidi, na mtu akitambua asilimia 60 au chini ya hapo ya maneno anayosomewa bila kifaa, apelekwe kuchunguzwa kwa ajili ya kupandikiziwa koklea ya kielektroniki. Uingereza tangu 2019 huangalia desibeli 80 au zaidi kwenye sauti mbili au zaidi kati ya hezi 500 na 4,000. Kufikia viwango hivyo ni tiketi ya kuchunguzwa tu, na upasuaji ni uamuzi mwingine. Muhimbili ilianza upandikizaji huo mwaka 2017. Kabla ya hapo familia za Tanzania zilisafirisha watoto nje, India hasa. Umri si kikwazo cha peke yake. Sigrid Cerf, mke wa Vint Cerf ambaye ni mmoja wa waasisi wa intaneti na mwenyewe huvaa vifaa vya usikivu tangu ujana, alipoteza usikivu akiwa na miaka mitatu kwa homa ya uti wa mgongo na akapandikiziwa mwaka 1996, karibu nusu karne baadaye.

Wengi wanaopandikiziwa sikio moja huendelea kuvaa kifaa cha kawaida kwenye jingine, kwa kuwa sauti nene bado zinaingia huko vizuri na muziki huwa mtamu zaidi. Na kwenye uchunguzi, daktari atataka kujua masikio yamekuwa yakifanyishwa kazi kwa kiasi gani. Mgonjwa husema anavaa kila siku. Fundi huchomeka kifaa kwenye kompyuta, kwa sababu vifaa vya leo huhifadhi kumbukumbu ya matumizi, na skrini huonyesha wastani: kwa mmoja saa 13 kwa siku, kwa mwingine saa moja na nusu, nyingi zikiwa za Jumapili.